Chanjo ya kideri: chupa moja, maboma kumi

Katika maboma mengi ya Kaunti ya Kilifi, kuku ni akiba inayotembea uani. Mtoto akihitaji daftari na kalamu, jogoo hupelekwa sokoni. Mgeni akibisha hodi, tetea mmoja hutosha kuilinda heshima ya nyumba. Kisha hufika asubuhi ambapo kuku wawili wanapatikana wamekufa, wengine wamejikunyata, na kabla ya juma kwisha banda limebaki tupu. Mara nyingi huo huwa ni ugonjwa wa kideri, ambao wafugaji wengine huuita mdondo.

Kideri hakina tiba, lakini kina kinga, na gharama ya kinga hiyo kwa kuku mmoja ni shilingi chache. Makala haya yanaeleza kwa nini bado maboma mengi huikosa, na jinsi majirani wanavyoweza kuipata pamoja.

Hasara haiishii bandani

Kuku wa kienyeji anayejitafutia chakula hutaga takriban mayai 40 hadi 60 kwa mwaka. Hutaga, huatamia kwa siku 21, hulea vifaranga, kisha huanza tena. Boma lenye matetea watano linaweza kupata mayai 200 au zaidi kwa mwaka bila kununua chakula kingi. Mengine huatamiwa, mengine huuzwa, na mengine huingia jikoni.

Kuku hao hao huacha samadi bandani kila usiku. Samadi hiyo ndiyo mbolea ya mchicha, sukuma wiki, mnavu na kunde nyuma ya nyumba. Kwa hivyo kideri kikiingia, familia hupoteza vitu vitatu kwa mpigo: yai la mtoto, mbolea ya mboga na pesa za dharura. Kurudi mahali pale huchukua muda, kwa sababu kifaranga wa kienyeji huhitaji miezi sita au zaidi kabla ya kutaga yai la kwanza.

Jinsi kideri kinavyoingia

Kideri husababishwa na virusi vinavyotoka kwenye kinyesi na ute wa kuku mgonjwa. Virusi hivyo husafiri kwa kuku aliyenunuliwa sokoni, kwa tenga alilobebewa, kwa viatu na hata kwa magurudumu ya bodaboda. Ndiyo maana kuku mgeni anafaa kutengwa kwa siku 14 kabla ya kuchanganywa na wenyeji.

Dalili zake ni kuhara kinyesi cha kijani, kuhema kwa shida, mabawa kulegea, shingo kupinda na vifo vingi kwa siku chache. Viuavijasumu vya dukani huua bakteria, si virusi. Pilipili, shubiri na mwarobaini pia havitaondoa kideri kwa kuku aliyekwisha kuugua.

Tatizo ni ukubwa wa chupa

Chanjo ya kideri hutengenezwa hapa nchini na KEVEVAPI, shirika la serikali linalozalisha chanjo za mifugo, na huuzwa katika maduka ya dawa za mifugo. Tatizo ni kwamba chupa moja hubeba dozi nyingi, kwa mfano 100, na chanjo ikishachanganywa ni lazima itumike ndani ya saa chache. Mwenye kuku 10 huona ananunua dozi 90 za kumwaga, hivyo huahirisha hadi ugonjwa umfikie.

Dawa ya tatizo hili ni ujirani. Maboma kumi yenye kuku kumi kila moja humaliza chupa ya dozi 100 kwa asubuhi moja, na kila boma hulipa sehemu moja tu ya kumi ya bei. Kuna faida nyingine pia. Kuku wa kienyeji hawajui mpaka wa shamba, na kuchanja boma moja huku ya jirani yakiachwa ni kuacha virusi mlangoni. Chama cha akina mama, kikundi cha vijana au wanyumba kumi wanaweza kupanga siku moja na kumchagua mtu mmoja wa kununua na kusimamia kazi.

Siku ya chanjo

Waachieni kuku ndani ya banda hadi kazi iishe. Alfajiri kabla hawajatoka ndio wakati mwema. Beba chanjo kwenye chombo chenye barafu, mbali na jua. Ichanganye kwa kufuata maelezo ya chupa na utumie kidonezi chake. Dondosha tone moja katika jicho moja la kila kuku, kisha subiri apepese kabla ya kumwachilia. Kifaranga hupata tone lile lile kama jogoo.

Chanja kuku walio wazima tu. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kujenga kinga, kwa hivyo chanjo haitamwokoa aliyeambukizwa tayari. Rudia kila baada ya miezi mitatu. Ratiba rahisi kukumbuka ni mwezi wa kwanza, wa nne, wa saba na wa kumi. Chanjo ya mwezi wa kumi huwakinga kuku kabla ya msimu wa sherehe za Disemba, wakati kuku wengi huuzwa na kusafirishwa kutoka soko hadi soko. Kumbuka pia kwamba chanjo hii hukinga kideri peke yake. Ndui ya kuku na gumboro zina chanjo zake.

Kutoka bandani hadi sufuriani

Samadi ya kuku ikiwa mbichi huunguza miche. Irundike pamoja na majani makavu, iloweshe kidogo, ifunike na uigeuze mara kwa mara kwa wiki sita hadi nane, hadi iwe nyeusi na isiyo na harufu kali. Ndipo uichanganye na udongo. Penye uhaba wa maji, kama sehemu za Ganze na Magarini, gunia moja lililojazwa udongo na samadi hubeba miche mingi ya sukuma wiki na hunyweshwa kwa maji yaliyosuuzia vyombo, mradi yasiwe na sabuni nyingi. Zungushia bustani ua wa makuti au wavu, kwani kuku huharibu mche haraka kuliko mbuzi.

Jikoni, osha mboga kabla ya kuzikata na uzipike kwa muda mfupi. Tui la nazi au mafuta kidogo husaidia mwili kupata vitamini A iliyo katika mchicha, na ndimu husaidia kufyonza madini ya chuma. Chai ni bora isubiri saa moja baada ya mlo, kwa sababu huzuia madini hayo. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kupewa yai lililoiva kabisa, limepondwa, pamoja na maziwa ya mama.

Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiliwe wala asiuzwe. Mchome au mfukie kwenye shimo refu, kisha unawe mikono kwa sabuni.

Nani wa kumwita

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, iliweka udhibiti wa magonjwa ya mifugo mikononi mwa serikali za kaunti. Hivyo basi, mkazi hahitaji kuomba radhi anapomwita afisa wa mifugo wa wadi yake kwa ajili ya kuku. Kuku wawili au watatu wakifa kwa mfululizo, toa taarifa siku hiyo hiyo na usiuze waliosalia. Na kama kuku wako wako salama leo, kikao kijacho cha kikundi chenu kina ajenda moja ya haraka: kukubaliana tarehe ya chanjo na mtu wa kununua chupa.