Kagusa Mpira Kwanza, Mbona Refa Kapiga Filimbi?

Jioni moja tulikuwa Kigombe, tukitazama vijana wakicheza mpira. Mshambuliaji alikuwa anakwenda mbio golini. Beki akajitupa chini, akateleza miguu mbele. Mpira ukatoka nje. Mshambuliaji akaanguka, akashika kifundo cha mguu. Refa akapiga filimbi: faulo, na kadi ya njano juu yake. Kelele zikaanza. "Refa, vipi wewe! Si kagusa mpira kwanza?" Nusura mchezo uvunjike.

Wengi wetu tunaamini hivyo, kwamba ukigusa mpira kwanza huna kosa. Sivyo. Sheria ya 12 ya kandanda inamtaka refa atazame namna mchezaji alivyomwendea mwenzake. Beki akigusa mpira kwa ncha ya kidole, kisha mguu wa pili ukamkwatua mwenzake, hiyo ni faulo.

Kosa hili lina daraja tatu. La kwanza ni uzembe, yaani mchezaji hakuwa mwangalifu. Hapo ni frikiki tu, kadi hakuna. La pili ni kutojali. Mchezaji hakujali kama mwenzake ataumia. Huyo hupewa kadi ya njano. La tatu ni kutumia nguvu kupita kiasi na kuhatarisha usalama wa mwenzake. Hapo ni kadi nyekundu, bwana, atoke nje. Na beki akifanya kosa lolote kati ya hayo ndani ya eneo lake la hatari, ni penalti.

Sasa refa anajuaje? Anatazama miguu. Mguu uliolala chini huufuata mpira. Mguu ulioinuliwa, wayo ukielekea ugoko wa mwenzake, unafuata mtu. Anatazama pia mbio alizokuja nazo beki, na kama mpira ulikuwa umeshapita. Mwaka 1998, kabla ya Kombe la Dunia la Ufaransa, marefa waliagizwa kumtoa nje mchezaji anayemvamia mwenzake kwa nyuma na kumhatarisha. Leo haijalishi katokea nyuma, mbele au ubavuni.

Tena si lazima mtu aguswe. Kujaribu kumpiga mwenzako ngwala ni kosa pia. Kwa hiyo aliyeruka ili kuokoa mguu wake hakudanganya. Ila yule anayejiangusha bila kuguswa, akagaagaa kama samaki kwenye ngalawa, kadi ya njano ni yake yeye. Wapo, tunawajua!

Pale Kigombe baadhi ya wachezaji ni wavuvi. Mvuvi akivunjika ugoko Jumamosi, Jumapili haendi baharini, wala mwezi ujao. Nyumbani wanangoja kitoweo na fedha ya unga. Hakuna tajiri wa kumlipa siku hizo. Ndiyo maana refa hangoji mpaka mfupa ulie.

Jambo moja zaidi kwa wanaochezesha mechi za vijijini. Refa akikaa nyuma ya wachezaji haoni ila migongo. Akisimama ubavuni huona mwanya kati ya mguu na mpira. Jioni ile refa alikuwa ubavuni, hatua kama kumi hivi. Sisi tuliopiga kelele tulikuwa nyuma ya goli.