Kremu gani, mama? Neno moja linaficha vitu vingi

Siku moja, wakati wa kipindi cha asubuhi, mama mmoja wa hapa Kolwezi alitupigia simu. Swali lake lilikuwa fupi: «Kremu iko muzuri ao iko mubaya? Kwetu banasema niache.» Kwenye studio tulimjibu kwa swali lingine: kremu gani, mama? Akacheka: «Kremu njo kremu!» Kisha inite zikaisha, simu ikakatika.

Tangu siku ile swali lake linatusumbua, maana hatukuweza kumjibu. Neno «kremu» tunalitumia kila siku, lakini kila mtu analijaza na kitu chake. Ndiyo sababu leo tunalifungua hilo neno, tuone ndani kuna nini.

Kremu ngapi katika mji mmoja?

Tembea tu kidogo. Mtoto anayetoka masomo akisikia kremu, anawaza ile ya baridi, ya kulamba. Mwenye kuuza mikate anawaza biskuti na keki. Mpaka rangi anakuuliza kama ukuta unataka mweupe kabisa ao kremu, yaani mweupe unaoelekea manjano kidogo. Kwa wasusi, kremu ni ile ya kunyoosha nywele, ambayo ukiichelewesha kichwani inaunguza. Kijana wa siraji ana kremu ya viatu. Kinyozi ana ya kunyolea ndevu. Farmasi wana kremu za upele na za kuvu. Na sokoni, mama akisema kremu bila kuongeza neno, mara nyingi anataka kusema ya kupakala kwenye ngozi.

Huku kwetu tunasema kremu kwa sababu tulilichukua kwa Kifaransa, crème. Wenzetu wa Tanzania na Kenya walilichukua kwa Kiingereza, wao wanasema krimu. Watu wa pwani wana neno la zamani zaidi, malai: ule utando mzito unaopanda juu ya maziwa yakitulia. Sisi wengi tulikomea na maziwa ya unga, kwa hiyo utando ule tunausikia zaidi kuliko tunavyouona.

Neno lilitoka kanisani na kwenye maziwa

Wataalamu wa lugha wanaeleza kwamba crème ilizaliwa na maneno mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni crama, neno la zamani la watu wa Ufaransa, lenye maana ya ule utando wa maziwa. La pili ni chrisma, neno la Kigiriki lililopitia Kilatini, maana yake mafuta ya kupakwa. Ni yale yale mafuta ya Krisma ambayo askofu anawapaka vijana siku ya kipaimara. Jina Kristo lina mzizi huo huo: aliyepakwa mafuta. Hadi leo kwa Kifaransa mafuta hayo yanaitwa chrême, na ukilitamka, sikio halioni tofauti na crème.

Kwa hiyo tangu mwanzo neno hili lina heshima mbili: mafuta ya kupaka mwilini, na kitu kizuri kilichopanda juu. Kutoka hapo Wafaransa wakasema hata watu bora ni kremu ya watu. Na sisi tunasikia mtu akisema fulani ni wa kremu ya mji, yaani wa juu, wenye majumba na magari.

Sisi wa Lualaba tunajua kinachopanda juu

Wazo la kitu kizuri kupanda juu, watu wa madini hawahitaji kufundishwa. Kwenye konsantratere, jiwe linasagwa mpaka linakuwa unga, linachanganywa na maji, kisha hewa inapulizwa kutoka chini. Mapovu yanapanda na shaba, udongo unabaki. Wakati wa Union Minière, na baadaye wakati wa Gécamines, hapa Kolwezi dawa ya kukamata malakiti ilikuwa mafuta ya mawese. Ndiyo, mawese, ila yametengenezwa kwa namna ya kiwanda. Mafuta yanashika kwenye chembe ya malakiti, chembe inakataa maji, inapanda na povu.

Lakini fundi wa konsantratere atakuambia jambo lingine: povu haliaminiki kwa macho. Wanachukua kidogo, wanapeleka laboratwari, wanaangalia asilimia ya shaba ndipo wanakubali. Povu linaweza kuwa zuri kwa macho na ndani ni udongo tu.

Sasa, tunapima povu la shaba, lakini kremu tunayoipaka kwenye uso wa mtoto hatuipimi. Tunaangalia picha ya mwanamke mweupe kwenye boksi, tunalipa, tunaenda.

Kremu tatu za ngozi, si moja

Kwa kumjibu yule mama, lazima tutenge vitu vitatu ambavyo sokoni vinalala kwenye meza moja.

Ya kwanza ni kremu ya kulainisha. Kazi yake ni kushika maji ndani ya ngozi. Kolwezi iko juu, zaidi ya metre 1,400, na mwezi wa sita na wa saba baridi na upepo mkavu vinapasua midomo na visigino. Hapo mafuta ni ya lazima. Vazelini ya kawaida inafanya kazi hiyo bila kugeuza rangi ya mtu. Katika kundi hili weka pia kremu ya kukinga jua. Kwa ndugu zetu wenye ualbino hiyo si urembo, ni kinga ya kansa ya ngozi.

Ya pili ni kremu ya dawa. Munganga anaiandika kwa ugonjwa fulani, sehemu fulani, kwa siku chache. Nyingi za nguvu ndani yake kuna kortikoidi. Ikitumika vizuri inaponya. Lakini ina tabia moja: ngozi inapauka. Watu waliona hilo, wakaanza kuipaka mwili mzima, miezi na miaka. Ndipo ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, michirizi inatokea kwenye mapaja na tumbo, kidonda kinachelewa kupona. Waganga wanaopasua wanalijua tatizo hili: ngozi ya namna hiyo ni kazi kuishona. Na dawa ikiingia kwenye damu kwa wingi, inaweza kuleta presha na sukari.

Ya tatu ni kremu iliyotengenezwa makusudi ya kugeuza rangi. Zenye hatari zaidi zina hydroquinone ao zebaki. Zote mbili zinazuia mwili kutengeneza melanini, ile rangi nyeusi inayotukinga na jua. Hydroquinone ikitumika muda mrefu inaweza kurudisha kinyume: madoa ya bluu-nyeusi kwenye mashavu, yasiyotoka. Zebaki ni metali, kama hizi tunazochimba, ila yenyewe ni sumu: inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Na haibaki kwa aliyejipaka peke yake. Inapita kwenye taulo, kwenye mto, kwa mtoto anayebebwa kifuani.

Tena kuna melanji. Muuzaji anachukua tubu ya dawa, anaongeza kremu ya kugeuza rangi, anaongeza mafuta ya harufu, anatia ndani ya kopo lisilo na jina. Hapo hata munganga hawezi kujua unapaka nini.

Nchi nyingine zimefanya nini?

Afrika Kusini, ambako bidhaa nyingi za madukani mwetu zinatoka, ilikataza kremu za kugeuza rangi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya ulitoa hydroquinone kwenye kremu za ngozi mwaka 2001. Rwanda, mwishoni mwa 2018, polisi ilianza kupita madukani na kuzikamata. Kuna pia mapatano ya Minamata juu ya zebaki, ya mwaka 2013. Mwezi wa kumi na moja 2023 nchi za mapatano hayo ziliamua kwamba ifikapo 2025 kremu yenye zebaki, hata kidogo, isitengenezwe wala kupitishwa mpakani.

Lakini sheria ni kitu kimoja, na begi linalopita mpakani ni kingine. Kwa hiyo kinga ya kwanza ni macho yako.

Soma maandishi madogo

Neno kubwa mbele ya boksi halikuambii kitu. Geuza boksi. Nyuma, kwa herufi ndogo, tafuta majina haya, tunayaandika vile yanavyoandikwa: hydroquinone, mercure, mercury, calomel ao Hg, clobétasol, bétaméthasone. Ukikuta mojawapo kwenye kremu ambayo munganga hakukuandikia, iache sokoni. Ukikuta boksi halina orodha kabisa, iache vilevile. Na ukikuta onyo la kutogusisha dhahabu ao fedha kwenye kremu, hiyo ni alama kwamba zebaki inaweza kuwa ndani, maana zebaki inashika metali hizo.

Kama umekwisha anza, fanya hivi. Ya zebaki ao ya hydroquinone, acha leo, na kopo lifunge ndani ya mfuko mbali na watoto. Ya kortikoidi uliyoipaka muda mrefu, usiikate ghafla peke yako, kwa sababu ngozi inaweza kuwaka na mwili kuishiwa nguvu. Nenda na tubu yako kwa munganga, akuonyeshe namna ya kupunguza. Na ukienda kupasuliwa ao kujifungua, sema ukweli juu ya kremu yako. Mama wengi wananyamaza kwa haya, na munganga anashona bila kujua.

Hatuandiki haya kwa kucheka mtu. Anayejipaka mara nyingi amesikia tangu utoto kwamba mweupe ndiye mzuri, kwamba ndiye anapata bwana na kazi. Maneno hayo nayo ni kremu mbaya, tumepakana sisi kwa sisi.

Kwa hiyo mama, kama unatusoma: swali lako lilikuwa zuri, sisi ndio tulikosa jibu. Kremu si nzuri wala mbaya, ni jina tu. Geuza boksi yako, soma nyuma, kisha tupigie tena. Safari hii tutakurudishia simu sisi.