Kelele Chini ya Gari la Chama

Katika ukaguzi wangu nilikuta chama kimoja kimelipia matengenezo ya giaboksi ya gari lake, na kelele ikaendelea vile vile. Kilichokuwa kimechakaa ni krosi ya propela, kifaa cha bei ndogo. Fedha za wanachama zilipotea kwa sababu hakuna aliyeuliza kelele husikika wakati gani.

Kwa hiyo, kabla ya kuidhinisha malipo, katibu afuatane na dereva barabarani, asikilize, na kuandika:

1. Mgongo mmoja gari linapoondoka au linaporudi nyuma: yamkini krosi imelegea. Injini izimwe, magurudumu yawekewe vizuizi, kisha propela itikiswe kwa mkono.

2. Mvumo unaobadilika dereva akanyagapo mafuta au ayaachiapo: difu ishukiwe. Oili yake itazamwe kwanza.

3. Mvumo unaozidi au kupungua katika kona: beringi ya gurudumu.

4. Kelele gari likiwa limesimama na injini inawaka, nayo hunyamaza klachi ikikanyagwa: beringi ya giaboksi.

Aidha, gari lisilo na difu ya kati lisiendeshwe kwa magurudumu manne kwenye lami kavu. Katika kona magurudumu ya mbele husafiri njia ndefu kuliko ya nyuma. Vyuma hukazana, hulia, na mwishowe huweza kuvunjika.

Maandishi hayo apewe fundi, na nakala ibaki katika faili la gari, ili Kamati ijue inalipia nini.