Ushuru wa Mitumba, Analipa Nani?

Wiki hii naanza na hesabu ya sokoni, maana ushuru ukielezwa kwa lugha ya wachumi wengi wetu huona ni mambo ya wakubwa.

Mwaka 2016 Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo. Chukua belo moja la kilo 45. Ushuru wake ulikuwa dola 9, ukawa dola 112 na nusu. Nani alilipa? Si Mmarekani aliyeitoa shati yake. Anayelipa forodhani ni mwagizaji, kabla mzigo haujatoka. Naye akiuza kwa jumla anaongeza bei, na mwisho mzigo huo unamwangukia mama anayemtafutia mwanawe suruali. Hapo ndipo wengi hudanganyika, wakidhani ushuru ni adhabu kwa mgeni tu.

Mgeni naye huumia, lakini kwa kupoteza soko. Ndiyo maana mwaka 2017 wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nayo ikatishia kuzinyima nchi zetu za Afrika Mashariki nafasi ya kuuza nguo huko bila ushuru chini ya sheria ya AGOA. Kenya ikawa ya kwanza kurudi nyuma. Ilikuwa na sababu. Makumi ya maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, walikuwa wakishona nguo za soko hilo katika viwanda kama vya Athi River. Oda ikikatwa Marekani, kibarua wa Athi River ndiye wa kwanza kuambiwa asirudi Jumatatu. Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ilishikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo.

Na mwenye mtaji je? Kiwanda si meza ya mtumba inayokunjwa jioni. Mashine hununuliwa kwa mkopo wa miaka mingi. AGOA yenyewe ilifikia ukomo Septemba 30, 2025, na pasipo msamaha kama huo baadhi ya nguo hutozwa hadi asilimia 32 zikiingia Marekani. Nani atakopa katika hali hiyo?

Sisemi viwanda vyetu visilindwe. Lakini ushuru peke yake hauleti pamba wala umeme kiwandani. Kule Rwanda, nguo mpya za bei nafuu kutoka China ziliziba pengo, na mitumba ikawa inavushwa kwa magendo kutoka Kongo.