Jeni na Umri wa Ovari

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote, takriban milioni 1 hadi 2. Akibalehe hubaki kama 300,000. Yanayopevuka na kutoka maisha yake yote ni kama 400 tu. Mengine hufia ndani ya ovari, na yakibaki karibu 1,000 hedhi hukoma. Kasi ya kufa huko hutofautiana baina ya wanawake, na karibu nusu ya tofauti hiyo ni ya kurithi.

Mwaka 2021, utafiti wa wanawake zaidi ya 200,000 wenye asili ya Ulaya ulibaini sehemu 290 za DNA zinazohusiana na umri wa kukoma hedhi. Nyingi ni za jeni zinazorekebisha DNA iliyoharibika, kwa kuwa yai hungoja miaka mingi na majeraha yake huongezeka. Jeni ya CHEK2 husaidia kuamua yai lililoharibika life. Wanaorithi nakala yake mbovu hukoma hedhi kwa kuchelewa kama miaka 3 na nusu, ila hatari yao ya saratani ya matiti huwa kubwa. Kuchelewa pekee, basi, si kipimo cha afya.

Alama ya kinasaba yenye uzito zaidi kliniki ni jeni ya FMR1, iliyo kwenye kromosomu X. Herufi za DNA CGG zikijirudia humo mara 55 hadi 200, karibu mwanamke 1 kati ya 5 hukoma hedhi kabla ya miaka 40. Marudio hayo yanaweza kuongezeka kwa mtoto na kumletea ulemavu wa akili, hivyo kipimo hicho kinahusu ukoo mzima.

Uganda ina hazina ya vinasaba: wakazi wa Kyamulibwa, kusini-magharibi, wamefuatiliwa tangu 1989, na mwaka 2019 zilichapishwa data za watu 6,400. Lakini utafiti huo ulijikita kwenye moyo na umetaboli, si ovari. Kutumia alama za Ulaya kumtabiria mwanamke wa Jinja au Mbale bila kuzipima kwanza huku ni kosa, maana vinasaba vya Waafrika vina tofauti nyingi zaidi.

Mwanamke wa Walukuba, Jinja, ambaye hedhi yake imekatika kabla ya miaka 40 asiambiwe ni mawazo tu. Aulize mama, shangazi na dada zake walikoma hedhi lini, amweleze daktari, na apimwe homoni ya FSH. Tatizo likithibitika, kwa kawaida hupewa homoni hadi karibu miaka 50 ili kulinda mifupa na moyo.