Shah Abdul Latif na Herufi Moja

Kila aliyepata kwenda chuoni hukumbuka siku yake ya kwanza: ubao, wino wa masizi, na mwalimu akitamka "alifu", nao watoto wakimwitikia kwa sauti moja. Leo twataka kusema habari za mtoto mmoja ambaye, kwa kadiri wasimuliavyo watu wa nchi yake, aliitikia herufi hiyo ya kwanza, kisha akakataa katakata kuitikia ya pili. Huyo ndiye Shah Abdul Latif, mtunzi wa mashairi aliye mkubwa kupita wote katika Sindh, nchi ya mto Indus, ambayo sasa ni jimbo la Pakistan. Alizaliwa mwaka 1689 karibu na mji wa Hala, akafa mwaka 1752, na watu wa huko humhesabu kuwa ni walii.

Kisa chenyewe ni hiki. Baba yake, Shah Habib, alimpeleka kwa mwalimu aitwaye Nur Muhammad. Mwalimu akamwambia aseme alifu, akasema. Akamwambia aseme be, akanyamaza. Alipobanwa, akajibu ya kuwa baada ya alifu hakuna kitu. Ili kulielewa jibu hili hapana budi tukumbuke mambo mawili: alifu ndiyo herufi ianzayo jina la Allah, na katika hesabu ya abjadi thamani yake ni 1. Basi kwa masufi, mtu aliyeijua alifu kwa moyo wake amekwisha mjua Mmoja, na herufi zilizobaki ni za kumrudisha kwenye hiyo ya kwanza.

Kisa ni kizuri, lakini tusikimeze kizima kizima. Kisa kama hiki husimuliwa vile vile juu ya mawalii wengine wa nchi za huko, na jambo linalosimuliwa juu ya watu wengi ni vigumu kulithibitisha juu ya mmoja. Hata hivyo sifa ya kutokusoma ilimshika mapema sana. Mir Ali Sher Qani wa Thatta, aliyeandika tarehe ya Sindh katika karne ile ile ya 18, alimtaja kuwa ni mtu asiyesoma, ila elimu yote ilikuwa imeandikwa moyoni mwake. Nasi twajua jinsi habari ya namna hii inavyompendeza mtoto aliyechoka na ubao, na pengine hata mzazi anayetaka mtoto huyo abaki nyumbani achunge mbuzi. Kama walii hakusoma, sisi tusome kwa nini?

Jibu limo katika mkoba wake. Wanaoeleza maisha yake wanakubaliana kwamba vitabu vitatu havikumwondokea: Kurani, Mathnawi ya Jalal al-Din Rumi, ambayo imeandikwa kwa Kiajemi, na mashairi ya Kisindhi ya Shah Abdul Karim wa Bulri, babu wa babu yake, aliyekufa mwaka 1623. Je, asiyejua kusoma hubeba vitabu vya lugha tatu? Mtu aweza kusema kwamba alikuwa akisomewa. Haya, na tukubali. Lakini katika mashairi yake maneno ya Kurani na ya Hadithi yametiwa kwa Kiarabu chake, katikati ya Kisindhi, kila neno mahali pake na kwa maana yake, wala si kama kasuku aliyesikia akakariri. Iwe ni kwa macho, iwe ni kwa masikio, vitabu vile vilimwingia, na kazi ya miaka mingi ndiyo iliyoviingiza.

Basi alichokikataa ni nini? Zamani zake Kiajemi kilikuwa ndiyo lugha ya serikali na ya wanazuoni. Mtu aliyekijua alipata cheo na heshima, na mkulima hakuelewa neno. Shah Abdul Latif aliwaona watu waliokuwa wakifunua karasa moja baada ya nyingine na huku mioyo yao imebaki pale pale ilipokuwa, akawalaumu hao, tena mara nyingi. Kitabu hakukilaumu.

Yeye mwenyewe alitafuta chuo kingine. Alipokuwa kijana alifuatana na majogi, watawa wa Kihindu, yapata miaka 3, akafika Hinglaj katika milima ya Makran, na Girnar, na Jaisalmer, na jangwa la Thar. Katika safari hizo aliwasikiliza wafumaji, wafinyanzi, wachunga ngamia na wavuvi, na maneno yao ndiyo yaliyojaa mashairi yake. Kitabu chake, kiitwacho Risalo, kina milango kama 30, na kila mlango una sauti yake ya kuimbiwa. Mmoja ni wa Marui, msichana wa jangwani aliyenyakuliwa na mfalme Umar akafungiwa ngomeni Umarkot. Alipewa hariri akaikataa, akabaki na blanketi lake lililochakaa, akililia kijiji na watu wake wanaosubiri mvua. Mlango mwingine ni wa wake za mabaharia, wanaotazama pepo za msimu zikigeuka na kujua kwamba waume watatweka tanga. Watu wa pwani yetu hawana haja ya kufasiriwa huo.

Hadithi hizi kila mwanakijiji alikuwa akizijua tangu utoto. Alilofanya Shah Abdul Latif ni kuzitia ndani yake elimu ya wale wanazuoni, kwa lugha ya nyumbani, hata mwanamke asagaye nafaka aweze kuiimba.

Husimuliwa kwamba karibu na kufa kwake aliyatupa mashairi yake yote katika ziwa lililo jirani na makao yake, akihofu kwamba watu wangeyapotoa maana. Wanafunzi wake wakasononeka sana, naye akawapa ruhusa wayaandike upya kutoka kwa wale waliokuwa wameyahifadhi vifuani, na mmoja wao alikuwa mwanamke. Kama ndivyo, basi walii aliyesemwa kwamba hataki be alisimama akaangalia kitabu chake mwenyewe kikiandikwa mara ya pili. Mwaka 1866 mtaalamu Mjerumani, Ernest Trumpp, alikipiga chapa kule Leipzig, na tangu hapo kimechapishwa mara nyingi.

Kaburi lake liko Bhit, maana yake kilima cha mchanga, mahali alipohamia uzeeni. Jengo lake lenye kuba lilijengwa na mtawala Ghulam Shah Kalhoro. Mbele yake kila usiku mafakiri waliovaa nguo nyeusi huketi na vinanda vya nyuzi tano, vya namna ile inayosemwa aliibuni yeye, wakaimba Risalo kwa sauti nyembamba ya juu, kama sauti ya mwanamke, kwa jinsi walivyofunzwa na waliowatangulia.