Kalamu Kubwa za Wino kwa Bei Nafuu: Wino wa Kombe na Wino wa Kumbukumbu Pwani ya Kusini

Utangulizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii hutajwa sana katika biashara, lakini inamhusu vilevile mwanafunzi wa Kiswahili anayekwenda Kwale kukusanya ngano, nyimbo na msamiati kwa wazee wa Diani, Msambweni au Vanga. Mali yake ni maneno, na usalama wa daftari lake hutegemea kalamu na wino. Makala haya yanadhamiria kufafanua aina moja ya kalamu inayopendwa na wakusanyaji, yaani kalamu kubwa ya kujazwa wino inayouzwa kwa bei nafuu: jinsi inavyofanya kazi, kigezo cha kuichagua, na tahadhari ambazo hali ya hewa ya pwani inazidai.

Wino wa aina mbili

Neno kalamu tumelipata kutoka Kiarabu, nalo lina nasaba na neno la Kigiriki lenye maana ya tete. Kwa hakika, kalamu ya awali ilikuwa tete lililochongwa na kukatwa ncha mshazari. Kwa kalamu ya namna hiyo waandishi wa pwani waliandika Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Hati ya Utendi wa Tambuka, kwa mfano, ni ya mwaka wa 1728. Wino uliojulikana sana katika uandishi wa hati hizo ulitengenezwa kwa masizi na gundi ya mti.

Hata hivyo, pwani imejua pia wino wa namna nyingine. Katika kombe, aya huandikwa kwa zafarani kwenye sahani au karatasi, kisha huoshwa kwa maji au marashi ya waridi ili mgonjwa anywe. Wino huo huandikwa ili ufutike. Wino wa masizi, kinyume chake, huandikwa ili udumu, kwa kuwa masizi hayapaushwi na mwanga. Mwenye kalamu ya leo hana budi kujiuliza swali hilohilo: je, wino wangu ni wa kombe au wa kumbukumbu?

Jinsi kalamu inavyofanya kazi

Kalamu ya kujazwa wino ina sehemu tatu kuu: hazina ya wino, ncha ya chuma yenye ufa mwembamba, na ulimi wenye vijia vidogo chini ya ncha. Wino hupita katika vijia hivyo na kuvutwa na ufa hadi kwenye karatasi, huku hewa ikirudi ndani kuchukua nafasi yake. Lewis Waterman wa Marekani alipata hataza ya mfumo wa namna hii mwaka wa 1884. Kwa kuwa wino hutiririka wenyewe, mwandishi hahitaji kukandamiza. Hii ndiyo sababu mkono hauchoki upesi kama unapotumia kalamu ya kijigololi.

Kwa muda mrefu kalamu kubwa ilikuwa alama ya ukwasi. Montblanc 149, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 1952, leo hugharimu zaidi ya dola 1,000 za Marekani. Jinhao X159 ya Uchina inakaribiana nayo kwa umbo na ukubwa, ikiwa na urefu wa takribani milimita 148, lakini hupatikana kwa sehemu ndogo sana ya bei hiyo. Nchini India nako, karakana ya Ratnam ya mjini Rajahmundry, iliyoanza katika miaka ya 1930, ilijijengea jina kwa kalamu za eboniti, yaani mpira uliogandishwa kwa salfa. Nyingi za kalamu za aina hiyo hutiwa wino moja kwa moja mwilini kwa kitoneshi, hivyo hubeba wino wa kurasa nyingi.

Ikumbukwe kwamba ukubwa wa ncha si upana wa mstari. Ncha kubwa yaweza kuandika mstari mwembamba, kwani kinachoamua ni umbo la kijincha kinachogusa karatasi. Aidha, mwili mnene humfaa mwenye vidole virefu, lakini kalamu nzito humchosha mwenye kiganja kidogo. Mkusanyaji mwenye busara hutazama mkono wake kabla ya kutazama jina la kiwanda.

Joto, unyevu na mwelekeo wa hati

Pwani ya kusini ina mitihani mitatu. Wa kwanza ni joto. Kalamu ya kutonewa ikibaki na wino kidogo, hewa iliyomo hupashwa moto na kiganja, hutanuka na kusukuma tone la wino nje. Dawa yake ni kuijaza tena kabla haijafika nusu, na kuibeba ncha ikiwa juu. Eboniti husaidia kwa sababu haipitishi joto haraka.

Wa pili ni unyevu. Wino hukawia kukauka, na tatizo huzidi kwa anayeandika hati za Kiarabu kwa mkono wa kulia, maana mkono hupita juu ya maneno yaliyotoka kuandikwa. Afadhali achague ncha nyembamba na awe na karatasi ya kukaushia wino. Akitaka sura ya maandishi ya tete, atafute ncha iliyokatwa bapa, ila aandike polepole.

Wa tatu ni mvua ya masika. Wino mwingi wa kawaida wa kalamu hizi ni rangi iliyoyeyushwa majini. Daftari likilowa, mahojiano ya siku nzima hugeuka madoa. Huo ni wino wa kombe. Lakini wino mzito wa masizi unaotumiwa na wachoraji haufai pia, kwa sababu huganda na kuziba vijia vya ulimi. Ufumbuzi ni wino wenye chembe laini sana za kaboni uliotengenezewa kalamu za kujazwa, kama ule wa Platinum wa Japani. Kalamu yenye wino huo itumiwe mara kwa mara na ioshwe kwa maji safi kabla haijakauka.

Hitimisho

Kukusanya kalamu kwa ajili ya kuzipanga sandukuni ni starehe isiyodhuru, lakini mwanafunzi wa lugha ana sababu bora zaidi. Kalamu mbili kubwa za bei nafuu zinamtosha: moja ya wino wa kawaida kwa rasimu na barua, nyingine ya wino wa kudumu kwa kazi ya uwandani. Mzee aliyemsimulia Msambweni huenda asipatikane kusimulia tena, na neno la Chidigo lililofutwa na mvua halina nakala. Kabla ya kufunga safari, basi, na aandike mstari mmoja, aache ukauke, kisha aumwagie maji. Hapo atajua amebeba wino gani.